Betri Imehamia Nyuma

Baltazari Masatu hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kuishi naye. Mtu anayelalamika unajua pa kumshika. Yeye alimeza kila kitu, kisha akategemea na wenzake wameze, na asiyemeza akamwona dhaifu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bunda, mpaka kiwanda kikafungwa na mageti yake yakaota kutu. Tangu hapo alikaa kwake Nyasura, akitengeneza pampu za majirani na kunyamaza.

Mkewe, Tereza, alikuwa kinyume chake. Huyo alisema. Chumvi ikizidi alisema, mahubiri yakirefuka alisema, shati la mumewe likikosa kifungo alilisema hilo shati mpaka jirani akalijua. Baltazari aliwatania wenzake kiwandani kwamba ameoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Walicheka, na Tereza alipoambiwa alicheka kuliko wote. Enzi hizo alikuwa na miguu miwili.

Kisukari kilianzia kidoleni. Kikapanda, madaktari wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti, na kabla kidonda hakijakauka vizuri figo nazo zikagoma. Sasa ulikuwa mwaka na miezi minane. Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Baltazari alimpakia mkewe kwenye gari, wakaenda Musoma hospitali, Tereza akalazwa kwa muda wa saa nne kwenye mashine inayosafisha damu, kisha wakarudi Bunda wote wawili wakiwa hoi. Mtoto wao mmoja aliyebaki hai, Esther, aliolewa Tabora. Alipiga simu kila Jumapili kuuliza hali, akajibiwa, "Tupo."

Na kweli walikuwepo, basi. Baltazari alikuwa na miaka sitini na nne. Uchovu wa kazi aliujua tangu ujana: unakula, unalala, asubuhi umeisha. Huu wa sasa ulilala naye na kuamka naye. Wakati mwingine alijikuta amesimama katikati ya ua na beseni mkononi, hajui alikuwa anakwenda kumwaga maji au kuchota.

Gari lao lilikuwa Corolla ya zamani, nyeupe ya maziwa, ya gia za mkono. Aliyewauzia alikuwa ameing'oa injini yake akaweka kubwa kuliko nafasi, kwa hiyo bomba la moshi likawa linapita kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri. Ile betri iliiva mle ndani kama kiazi. Kwa mwaka mmoja zilikufa tatu.

Ya tatu ilifia kwenye uwanja wa hospitali, Ijumaa moja mchana. Tereza ametoka kwenye mashine, hana nguvu hata ya kushika kichwa chake, amelazwa kiti cha nyuma kama kawaida yake, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kiti. Baltazari akazungusha ufunguo. Gari likasema *tk*, likanyamaza. Walinzi wawili na muuza ndizi wakaja kusukuma, na kila walipolisukuma kichwa cha Tereza kikayumba huku na huku, na yeye, ambaye siku zote alisema, akafumba macho tu.

Likawaka. Lakini njia nzima Baltazari alikuwa akiwaza jambo moja: je, lingegoma asubuhi, wakati wa kwenda? Mashine waliwahi kuikosa mara moja tu, mvua ilipoharibu barabara. Maji yalijaa kifuani mwa Tereza. Siku tatu alilala ameketi, akiitafuta pumzi moja baada ya nyingine, na Baltazari ameketi mbele yake akizihesabu. Daktari aliwaambia wazi, "Mzee, hii msirudie. Mara ya pili hatafika."

Kwa hiyo lile gari lilipaswa kuwaka. Hapakuwa na mambo mengine.

Jumamosi akaamua. Betri itoke mbele, ihamie kwenye buti, kwenye baridi. Akaenda kununua waya mnene kwa Clever, fundi umeme wa magari mwenye kibanda jirani na stendi. Clever alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye watoto watano na heshima zake, lakini kwa Baltazari alibaki kuwa kijana wa juzi.

"Mzee Baltazari, wazo zuri," Clever akasema. "Ila fyuzi uweke kule kule nyuma, karibu na betri. Na utengeneze boksi lenye mfuniko. Na kila wiki ukague vichwa vya betri, vinalegeaga."

"Clever, mimi nilikuwaga nafunga mota ya nguvu za farasi sitini, wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, mzee. Lakini ile mota haikuwaga inaruka matuta."

Baltazari alicheka kidogo kwa adabu, akalipa, akaondoka.

Kazi ilimchukua siku mbili, na ukweli usemwe, zilikuwa siku mbili nzuri. Mikono yake ilikumbuka. Aliupitisha waya chini ya zulia, ukingoni mwa milango, na pale unapotoboa bati akauvika pete ya mpira ili usisuguliwe. Fyuzi akaiweka shubiri moja kutoka kwenye betri, maana si mjinga. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa ndipo akafunga waya wa bodi, ule wa hasi. Boksi alilichonga kwa mbao za kitanda kibovu, akalifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. Mfuniko tu ndio uliobaki. Mbao ziliisha, jua lilikuwa linazama, mgongo ulikuwa unawaka, akasema atatengeneza kesho. Kesho yake ikawa na nguo za Tereza za kufua na maji ya kuteka. Keshokutwa ilikuwa Jumanne.

Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Hata Tereza, kutoka kiti cha nyuma, alisema, "Eh! Baba Esther, imefufuka!"

Lakini shida ikihama haifi. Boksi lilikula nafasi ya kiti cha magurudumu, kwa hiyo kiti kikapandishwa juu kwenye keria, na sasa Baltazari alikipandisha na kukishusha mara nne kwa safari. Tena boksi lilikaa sambamba na mgongo wa Tereza, nyuma tu ya kiti alichoegemea. Kwenye kila tuta liligonga. Na kutoka Bunda hadi Musoma kuna matuta ya kumtosha kila mtu.

"Baba Esther, inanigonga."

"Nimesikia."

"Inanigonga palepale kwenye figo."

"Nimesikia, mama."

"Wewe unasikiaga, halafu unafanya nini? Polepole basi. Na hicho kioo kinaingiza upepo. Na hii kanga imenikaa vibaya, na jua hili..."

Wiki tatu hivyo. Mtu ambaye hajamwuguza mtu atasema, mwanamke mgonjwa, mvumilie. Ni rahisi kusema. Sikio nalo huchoka, na huchoka vibaya kuliko mkono, kwa sababu mkono unaweza kuuweka chini. Jumanne moja wakirudi, wamekaribia kabisa Bunda, boksi likagonga, Tereza akafungua mdomo, na Baltazari akasema, bila hasira, bila hata kupandisha sauti:

"Mama Esther, unanichosha."

Miaka thelathini na saba ya ndoa hakuwahi kulisema hilo. Angefoka, Tereza angefoka, yakaisha, kama yalivyoisha mengine yote. Lakini alilisema taratibu, kama mtu anayetaja saa. Tereza akafunga mdomo wake.

Hakuufungua tena. Jumatano aliulizwa kama amekula, akasema amekula. Alhamisi aliulizwa kama maumivu yamepungua, akasema yamepungua. Chai ilikuwa haina sukari wala moto, akainywa. Nyumba ikatulia, na Baltazari, ingawa moyo ulimsuta, masikio yake yalifurahi. Alilala Alhamisi mchana usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa miezi.

Alipoamka alitaka kumwomba radhi. Alifika mpaka mlangoni pa chumba. Tereza alikuwa ameutazama ukuta. Basi akafanya kile ambacho wanaume wa namna yake hufanya badala ya kuomba radhi: akaenda kutafuta kitu cha kutengeneza.

Stoo palikuwa na gunia la pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini ambayo mkulima anabaki nayo. Shemeji yao Masanja, mkulima wa pamba, aliwaletea wajazie godoro la mgonjwa. Baltazari akalibeba mpaka kwenye gari jua likiwa bado juu. Akashindilia pamba kati ya boksi na kiti. Akashindilia pembeni zote za betri. Na kwa kuwa mfuniko haukuwepo, akaifunika na juu, akaitandika vizuri kwa kiganja kama anayemtandikia mtoto. Akapiga boksi teke. Halikugonga.

Hapa ndipo mtu anashika kichwa. Maana kama kuna binadamu Bunda nzima aliyejua pamba na moto ni nini, alikuwa huyu. Kiwandani ndiye aliyekuwa akitembea kati ya marobota akinusa. Moto wa pamba hauna haraka. Unaingia katikati ya robota unakaa humo siku mbili, tatu, unakula ndani kwa ndani, na kwa nje pamba ni nyeupe pe. Baltazari aliwahi kumfukuza mtu kazi, baba wa watoto, kwa kukutwa na kiberiti mfukoni. Mtu huyo huyo leo alilaza pamba kavu juu ya betri. Angeulizwa siku ile, angesema hakuona pamba. Aliona mgongo wa mkewe, na samahani ambayo ulimi wake haukuweza kuibeba.

Ijumaa wakaondoka. Matuta ya Bunda yakaja, moja, mbili, tatu, na boksi likanyamaza. Baltazari akasubiri. Hakusikia neno.

"Umeona leo haigongi?" akauliza mwenyewe.

"Haigongi," Tereza akasema.

Basi. Barabara ilikuwa nyeupe kwa asubuhi, hewa baridi, ng'ombe wa watu pembeni wakienda kunywa maji. Hakuna kioo kilichoingiza upepo, hakuna kanga iliyokaa vibaya. Kilometa zikapita. Mabega ya Baltazari yakashuka yenyewe. Walipoipita Kiabakari, na saa ilikuwa bado nzuri, akajikuta anapiga mluzi, wimbo wa zamani wa kwaya ya vijana, wa siku za mavuno.

"Baba Esther," Tereza akasema. "Simamisha gari."

Mluzi ukakatika. Mabega yakarudi juu. "Kuna nini tena?"

"Simamisha. Kuna moshi."

Akatazama kioo. Nyuma ya kichwa cha mkewe, kwenye mshono wa kiti, moshi mwembamba ulikuwa unapanda, umenyooka, hauna wasiwasi. Yeye hakuwa amenusa kitu. Vumbi la kiwandani lilikuwa limemla pua miaka mingi iliyopita, na hilo nalo alilimeza bila kumwambia mtu.

Alilipeleka gari pembeni, akazima, akashuka mbio. Kiti cha magurudumu kilikuwa juu ya keria, kimefungwa mafundo manne, na hapakuwa na muda wa mafundo. Akafungua mlango wa nyuma, akamwinua mkewe mikononi. Siku ya mashine ndiyo siku Tereza alikuwa mzito kuliko zote, ana maji ya siku tatu mwilini. Kwao mzee wa makamo yake habebi mke barabarani mbele za watu, na watu walikuwepo: wanawake watatu wenye mihogo kichwani, wakielekea sokoni Kiabakari. Walisimama wakaduwaa. Akapita mbele yao na mkewe kifuani, mguu mmoja ukining'inia, akamketisha kwenye nyasi mbali na gari.

"Mchanga!" akawapigia kelele. "Mama zangu, mchanga!"

Mihogo ikatuliwa. Yeye akarudi kwenye buti. Hakuifungua yote, maana upepo ni chakula cha moto, hilo alilikumbuka sasa. Akaingiza mikono na kuvuta. Pamba ilikuwa nyeupe kwa juu na nyekundu ndani, na iling'ang'ania vidole. Akavuta bonge baada ya bonge akatupa chini, na wale wanawake wakamwagia mchanga kwa masinia yao ya kubebea mihogo. Kwenye nguzo moja ya betri akakuta kichwa cha waya kinazunguka kwa mkono, kimelegea, kimeungua cheusi. Kila tuta kilikuwa kimeruka, na kila kiliporuka kilitoa cheche, na cheche ilikuwa imetandikiwa kitanda. Fyuzi ilikuwa nzima. Fyuzi haijui pamba.

Akatoa waya wa bodi kwa spana, akamaliza kuvuta, akamwagia maji ya kunywa yaliyobaki. Boksi lilikuwa limeungua upande mmoja, upande wa Tereza. Sponji ya kiti nayo ilikuwa imeanza. Dakika tano nyingine, labda kumi, moto ungemfikia mgongoni.

"Pole, mzee," mwanamke mmoja akasema. "Mungu amewaonaga. Mikono yako hiyo."

Akashukuru. Wakajitwisha mihogo yao wakaenda. Baltazari akaja kukaa kwenye nyasi kando ya mkewe, viganja vimeelekea juu, vimeiva. Tereza akafungua fundo la kanga, akatoa leso, akailowesha kwa mate kwa kuwa maji yameisha, akaanza kumfuta masizi. Kisha Baltazari akauliza:

"Ulisikia harufu saa ngapi?"

"Matuta ya mwisho pale Bunda."

"Bunda!" Ilikuwa zaidi ya nusu saa. "Tereza. Tangu Bunda, hukusema?"

Aliendelea kufuta. Kidole kimoja, kinachofuata.

"Ulisema nakuchosha," akasema. Hakukuwa na kisasi katika sauti yake. Alikuwa anajibu tu. "Na ni kweli. Mimi mwenyewe najichosha. Nikasikia pamba inaungua, nikasema, wacha. Nimechoka kwenda, nimechoka kurudi. Wacha ije inichukue, na wewe upumzike."

Baltazari hakuweza kumtazama.

"Hata sikuogopa, Baba Esther. Niliegemea tu. Mgongo ulikuwa unapata joto, nikaona vizuri. Halafu tumepita Kiabakari, ukaanza kupiga mluzi." "Tangu mguu ukatwe sijakusikia ukipiga mluzi. Nikasema, kumbe huyu bado anataka kuishi. Na yumo humu humu ndani."

Lori lilipita likawatikisia nyasi. Baltazari alitaka kusema kwamba mluzi ule haukuwa wa furaha ya kuishi, ulikuwa wa kimya cha mkewe, kwamba alikuwa amefurahi kutomsikia. Ukweli huo ulifika mpaka kwenye meno. Akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku kiwanda kinafungwa na wao wanatoka getini na masanduku yao ya spana. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayebeba na mkewe ndiye mzigo. Alilia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi, na kwa kuwa viganja vilikuwa vimeungua hakuweza hata kujifuta, ikabidi Tereza amfute na hayo pia.

"Nisamehe, Mama Esther," akasema.

"Twende," Tereza akasema. "Mashine haimsubirigi mtu."

Akakwangua kichwa cha waya kwa kisu, akakikaza kwa spana mpaka mkono ukauma, akafunga na waya wa bodi. Betri ikaachwa wazi kwenye boksi lake lililoungua nusu. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa na kinanuka, kwa hiyo alikirudisha cha mbele nyuma mpaka mwisho, akambeba tena mkewe, akamweka pale pembeni yake. Mikono ilimwuma mno alipoushika usukani.

Waliondoka. Boksi likagonga kwenye tuta la kwanza. Tereza alikuwa akitazama mbele, midomo imebana.

"Sema," Baltazari akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema."

Akamtazama, kama anayepima kama ni kweli. Wakakaribia Makutano.

"Jua linanipiga machoni," akasema polepole. "Na huu mkanda unanikata shingo."

Baltazari alisimamisha gari pembeni, akaulegeza mkanda kwa vidole vilivyoungua, akashusha kikinga jua. "Na nini kingine?" akauliza.